Aliyefua nguo za bwana: siku nne katika nyumba kongwe za Kent

Treni ya mwendo kasi ikitoka stesheni ya St Pancras, London, haimalizi saa nzima kabla ya kufika Chatham, mji wa kando ya mto Medway katika kaunti ya Kent. Watalii wengi hawashuki hapo. Wanapitiliza hadi Canterbury kuliona kanisa kuu, au wanakwenda Dover kuiona ngome iliyo juu ya majabali meupe. Mimi nilishuka, na kilichonishusha ni neno moja: manowari.

Neno hilo tulilichukua kwa Waingereza wenyewe, tukalipa matamshi yetu, tukasahau lilikotoka. Na manowari moja ambayo watu wa Unguja waliiona kila asubuhi kwa miaka kumi iliundwa hapa Chatham. Iliitwa London. Ilikuwa meli ya mbao yenye mizinga 90, ikashushwa majini mwaka 1840, ikashiriki kuipiga Sevastopol katika Vita vya Crimea mwaka 1854, na ilipozeeka ikapelekwa Unguja mwaka 1874. Seyyid Barghash alikuwa amelifunga soko la watumwa mwaka mmoja tu nyuma. Meli ikatia nanga mbele ya mji, ikakaa. Kazi ilifanywa na mashua zake, zilizokwenda kuvizia majahazi yaliyovusha watumwa kutoka Mrima kwenda Pemba. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokwenda kukagua jahazi lililopandisha bendera ya Ufaransa. Mwaka 1884 meli ikauzwa, ikavunjwa.

Kwa hiyo sikutegemea kuikuta. Nilitaka tu kusimama mahali ilipoanzia. Mpwa wangu anayeishi Gillingham, mji wa jirani, alinisindikiza huku akinicheka: “Mjomba, watu wanakuja huku kuona kasri za malkia, wewe umekuja kuona gudi?”

Gudi la Chatham lilifanya kazi kwa karne nne hadi serikali ilipolifunga mwaka 1984. Humo ndimo ilimoundwa Victory, meli ya Nelson, iliyoshushwa majini mwaka 1765. Siku hizi ni makumbusho, na tiketi yake huwa inatumika mwaka mzima, jambo la kukumbuka kwa mwenye ndugu wa karibu. Kuna nyambizi ya kuingia kwa kuinama, kuna meli mbili za kupanda na kushuka, lakini kama una saa mbili tu, nenda kwenye jengo la kamba.

Jengo hilo lina urefu wa mita 346. Ukisimama mlango wa huku, mtu aliye mwisho wa kule humjui kama ni mwanamume au mwanamke; wafanyakazi walikuwa wakipanda baiskeli humo ndani. Urefu huo haukuwa wa majivuno. Nyuzi zikisokotwa hufupika, kwa hiyo fundi aliyetakiwa kutoa amari ya mita 200 na ushei alilazimika kuanza na nyuzi za mita 300 na zaidi, zikiwa zimenyooshwa sakafuni bila kukunjwa. Jengo lilikamilika mwaka 1791, baadhi ya mashine zake ni za mwaka 1811, na kamba bado inasokotwa humo na kuuzwa. Harufu ya nyuzi na mafuta inakupokea mlangoni. Mtu aliyekulia karibu na shamba la mkonge, au aliyemwona bibi yake akipiga makumbi, ataijua harufu hiyo kabla hajaambiwa chochote.

Mwongozaji wetu, mama mmoja aliyevaa gauni refu la enzi za Malkia Victoria, alichukua kipande cha kamba nene akakifumua ncha mbele yetu. Katikati ya nyuzi za rangi ya mchanga ukachomoza uzi mmoja wenye rangi. Wa nini? Mtoto mmoja akasema ni pambo. Siyo pambo hata kidogo, ni mtego. Kamba ya jeshi la majini ilikuwa mali, na iliibwa kila siku. Kwa hiyo kila gudi la serikali lilipewa rangi yake, na uzi wa rangi hiyo ulisokotwa ndani ya kamba tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikamatwa nayo sokoni, ukate kipande kidogo namna gani, uzi umo, nawe huna la kujitetea. Waingereza wanauita uzi wa mhuni. Nilikishika kile kipande muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kuanzia miaka ya 1860 wanawake nao walisokota nyuzi hapa kwa mashine, wakawekewa mlango wao na ngazi zao ili wasikutane na wanaume, na vidole vyao ndivyo vilivyoshika nyuzi kama hizi saa kwa saa.

Kisha tukaenda kwenye jengo lililokuwa karakana ya mafundi wa magurudumu. Mwaka 1995 sakafu yake ilifumuliwa, chini yake zikakutwa mbao nene za meli zimelazwa kwa mpangilio. Ilikuwa Namur, manowari iliyoshushwa majini hapo hapo Chatham mwaka 1756. Wako wanaofurahia mbao hizo kwa sababu za ufundi. Mimi nilikuwa namfikiria mtoto mmoja. Olaudah Equiano, aliyeandika kwamba alizaliwa nchi ya Igbo akaibwa akiwa mdogo, alitumika katika meli hii kama mtumwa wa ofisa mmoja. Alikuwemo Waingereza walipoizingira Louisbourg mwaka 1758, na mwaka uliofuata, katika vita ya baharini karibu na Lagos ya Ureno, kazi yake ilikuwa kukimbia sitahani na kurudi akileta baruti kwenye mizinga. Baadaye alijikomboa kwa fedha yake mwenyewe, na mwaka 1789 akachapisha kitabu cha maisha yake, kitabu kilichowapa nguvu kubwa waliokuwa wakipigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mbao hizo leo zimeachwa wazi zitazamwe. Ni nyeusi, zina mashimo ya misumari, na zilimbeba.

Hapo Chatham ndipo nilipojiwekea sharti la safari nzima: kila nyumba nitakayoingia, nitamtafuta mtu wa pili. Wa kwanza humtafuti, umeshampata kwenye tiketi.

Siku ya pili tulikwenda Knole, pembeni ya mji wa Sevenoaks. Kwanza unapita bustani kubwa yenye kulungu wasioogopa watu, kisha lango, kisha ua, kisha lango jingine na ua mwingine. Wenyeji hupenda kusema nyumba hii ina vyumba 365, ngazi 52 na nyua 7, kama mwaka, majuma na siku za juma. Sikuhesabu, wala sikuonana na aliyewahi kuhesabu. Ilikuwa ya maaskofu wakuu wa Canterbury, Mfalme Henry VIII akaitamani akapewa, halafu ikaingia mikononi mwa ukoo wa Sackville, ambao wamo hadi leo.

Wamo, ila nyumba si yao tena, na hili linahitaji maelezo kidogo kwa sababu ndilo linalokupa wewe na mimi ruhusa ya kuingia. Baada ya vita mbili kuu za dunia, kodi ya urithi Uingereza ilipanda sana na watumishi wakawa adimu. Bwana akifa, mwanawe alirithi paa linalovuja na deni la serikali. Nyumba nyingi zilibomolewa. Nyingine zilikabidhiwa kwa National Trust, taasisi ya hiari iliyoanzishwa mwaka 1895, kwa makubaliano kwamba familia iendelee kuishi upande mmoja na umma uingie upande wa pili kwa tiketi. Knole ilikabidhiwa mwaka 1946. Ndiyo maana unaweza kuona kamba ya hariri imezuia mlango, na nyuma ya mlango huo kuna mtu anachemsha chai yake.

Ndani ni giza. Mapazia yanashushwa kwa makusudi, kwa kuwa jua hula rangi ya vitambaa. Kwenye viti vya kale katika nyumba nyingi za taasisi hiyo hakuna kibao cha “usikae”. Kuna ua kavu la miiba lililowekwa juu ya mto. Hakuna lugha isiyoelewa ujumbe huo. Katika vyumba wanakaa wazee wa kujitolea, wengi wastaafu, na hao ndio utajiri wa nyumba hizi. Usipite bila kuwaamkia. Ukiwauliza swali moja tu la maana, wanasahau saa ya chai.

Swali langu lilikuwa juu ya orodha. Kuna orodha ya watu wa nyumba ya Earl wa Dorset hapa Knole, ya kati ya mwaka 1613 na 1624, inayoonyesha kila mtu alikula meza ipi: mabwana meza yao, makarani meza yao, na kuendelea hadi chini kabisa. Kwenye meza ya wafuaji nguo limeandikwa jina la Grace Robinson. Kwa watu wa jikoni na uoshaji vyombo yumo John Morocco. Mbele ya majina yote mawili karani ameandika neno la zamani la Kiingereza lenye maana kwamba ni watu weusi. Basi. Hatujui Grace alitoka wapi, aliolewa na nani, alizikwa wapi. Tunajua alifua nguo katika nyumba hii wakati Shakespeare angali hai au ndiyo kwanza amefariki, na kwamba wakati wa chakula alikuwa na mahali pake pa kukaa, pameandikwa. Vyumba vya maonyesho vya Knole vimejaa picha za watu waliovaa kola nyeupe pana zilizokunjwa mikunjo mingi kama feni. Siku zote nilikuwa nikitazama nyuso. Siku hiyo nilitazama kola, nikawa najiuliza nani alizifua.

Chartwell, nyumba ya Winston Churchill, haiko mbali na hapo. Nenda, lakini sitakaa nayo sana. Aliinunua mwaka 1922, na kinachopendeza ni ukuta wa matofali alioujenga kwa mikono yake. Aliipenda kazi hiyo hadi mwaka 1928 akajiunga na chama cha wafanyakazi waashi. Ni mtu huyu huyu aliyepanda treni kutoka Mombasa mwaka 1907 na kukaa mbele kabisa ya injini ili aione nchi vizuri, na ndiye aliyekuwa waziri mkuu hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952. Mwaka 2020 National Trust ilitoa ripoti ya nyumba na maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, Chartwell ikiwemo, na kelele zilizozuka magazetini zilikuwa kana kwamba kuna mtu ameivunja nyumba. Hakuna aliyeivunja. Matofali yapo.

Hapa niseme la kaya kwa anayepanga safari. Nyumba hizi si duka, zina tabia zake. Safari iliyopita, mwezi Novemba, nilipanda mabasi mawili hadi kwenye nyumba moja nisiyoitaja, nikakuta vyumba vimefungwa kwa usafi wa majira ya baridi na mkahawa tu ndio uko wazi. Nikala keki ya karoti, nikarudi. Angalia kwanza siku na saa za kufungua, na kwa nyumba zenye watu wengi chukua tiketi ya muda maalumu. Ukikusudia kuona zaidi ya nyumba tatu, uanachama wa mwaka hulipa kuliko tiketi moja moja. Usijaribu kuona mbili kabla ya adhuhuri na mbili baada yake. Jioni hutakumbuka kitanda kipi ulikiona wapi.

Siku ya tatu ilikuwa ya Down House, nyumba ya Charles Darwin. Kwa karatasi za serikali haimo tena Kent. Tangu mwaka 1965 kijiji cha Downe kimeingizwa katika mipaka ya London. Ukifika utaona karatasi zimesema uongo: njia nyembamba, vichaka, mashamba. Darwin alihamia hapa mwaka 1842 na kufia hapa mwaka 1882. Humu ndimo alimoandika kile kitabu cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe.

Chumba chake cha kazi kina kiti cha kukalia ambacho alikitia magurudumu ili ajisukume kutoka meza hadi meza bila kusimama. Hakuandikia mezani, aliweka ubao juu ya mikono ya kiti. Chupa yake ya ugoro aliiweka nje ukumbini, makusudi, ili kila akiutamani alazimike kuinuka. Nilicheka peke yangu. Mtu aliyebadilisha fikra za dunia alikuwa anajifichia ugoro kama babu zetu wanavyofichwa sigara na wake zao. Watoto wake kumi, ambao saba kati yao walifikia utu uzima, walikuwa huru mle ndani. Baadhi ya kurasa chache za muswada wa kitabu chake zilizobaki hadi leo zimebaki kwa sababu watoto walichora nyuma yake.

Lakini chumba si kitu mbele ya njia. Nyuma ya bustani kuna njia ya mchanga inayozunguka kichaka, aliyoitengeneza kwa kutembea na kufikiri. Alirundika mawe mwanzoni mwa njia, na kila mzunguko ukiisha alipiga teke jiwe moja, asisumbuke kuhesabu. Niliizunguka mara tatu. Ni njia ya kawaida kabisa, upande mmoja kivuli, upande mwingine shamba, na kwa dakika nyingi hapakuwa na mtu ila ndege. Mpwa wangu, ambaye hadi hapo alikuwa akiangalia simu, aliiweka mfukoni bila kuambiwa.

Na mtu wa pili? Pale Down House aliyeniteka ni mnyoo. Bustanini kuna jiwe la mviringo, nakala ya lile lililowekwa kupima namna udongo unaorundikwa juu na minyoo unavyolizamisha jiwe mwaka hadi mwaka. Kitabu cha mwisho cha Darwin, cha mwaka 1881, kilihusu minyoo, wala si nyani.

Canterbury tuliipita asubuhi ya siku ya nne. Kanisa kuu, ambako Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa tarehe 29 Desemba 1170, lina ukubwa wa kumnyamazisha mtu, na umati wa kumsemesha. Ukipata nafasi tembea hadi kanisa dogo la St Martin, nje ya kuta za mji. Watu walikuwa wakisali hapo hata kabla Augustine hajafika kutoka Roma mwaka 597, na bado wanasali.

Tulimalizia Quex Park, Birchington, karibu na bahari. Bwana wa nyumba hii alikuwa Percy Powell-Cotton, aliyezaliwa 1866 na kufariki 1940, mwindaji aliyefanya safari nyingi Afrika na Asia. Makumbusho yake aliyaanzisha mwaka 1896. Ukiingia unasimama mbele ya kioo kirefu kutoka ukuta hadi ukuta, na nyuma yake kuna wanyama wa Afrika waliokaushwa, tembo, twiga, pofu, nyani, wamepangwa kwenye majabali na nyasi kana kwamba wote wameitwa mkutanoni. Mtoto atashangilia. Mtu mzima atashangilia kwanza, kisha atanyamaza.

Powell-Cotton alizifahamu vizuri nchi zetu. Mwaka 1904 alichapisha kitabu cha miezi ishirini ya safari iliyompitisha nchi za Kenya na Uganda za leo, ikiwemo Karamoja na Turkana. Mwaka 1905 alifunga ndoa Nairobi, kisha akamchukua bibi harusi kwenda fungate katika misitu ya Ituri, Kongo. Katika safari hiyo, mwaka 1906, simba aliyejeruhiwa alimrukia akamwangusha. Gazeti la vichekesho, Punch, lililokuwa limekunjwa mfukoni, lilizuia makucha yasizame, na watu wa msafara wake wakamwahi. Koti lililoraruliwa lipo ndani ya kabati, na simba naye yupo.

Nilikaa na koti hilo. Kitambaa kimechanika kwa mistari, kama kitu kilichopitishiwa uma. Hadithi husimuliwa zaidi kwa sababu ya gazeti, maana inachekesha. Lakini gazeti haliui simba. Kulikuwa na wanaume waliomkimbilia mnyama badala ya kumkimbia, na kila fuvu, pembe na ngozi iliyofika Birchington ilitoka porini ikiwa kichwani mwa mpagazi.

Kwa haki yake, Powell-Cotton aliandika: mnyama gani, mahali gani, tarehe gani. Ndiyo sababu wanasayansi bado wanaitumia mifupa aliyoikusanya. Kifaru mmoja mweupe kutoka eneo la Lado, kaskazini mwa Uganda, ulipopelekwa mfupa wake kwa wataalamu, ilionekana kwamba wale wa kaskazini ni tofauti na wa kusini, na mwaka 1908 wakapewa jina la kisayansi cottoni, kutokana na jina lake. Dume wa mwisho wa aina hiyo, Sudan, alikufa Kenya Machi 2018. Wamebaki wawili, majike wote, Najin na binti yake Fatu. Wako Ol Pejeta, Laikipia, na wanalindwa usiku na mchana.